Koti Jekundu Siku ya Limoges

Sakafu ya chumba chetu cha darini ni ya mbao za mwaloni, na mimi huipaka nta kwa mkono kila mwezi, nimepiga magoti juu ya mto. Nasema haya mapema ili ujue kilichonipata. Mtu asiyejali sakafu yake hatanielewa, na sina nguvu za kubishana naye.

Chumba hicho tunawapangisha wasafiri tangu binti yetu aolewe Kortrijk. Huja na mabegi mgongoni, hulala usiku mmoja au miwili, huipiga picha mifereji ya Brugge na mnara wa kengele, kisha huenda zao Ghent au Amsterdam. Wengi wao ni watoto wazuri. Mmoja wa Lyon aliondoka mwezi wa tano na ufunguo wetu wa akiba mfukoni. Mume wangu Odiel aliniambia mara tatu niende nikachongeshe mwingine, nami kila mara nikasema kesho.

Maarja alifika Ijumaa jioni, mvua inamwagika. Alikuwa msichana wa Estonia, wa miaka ishirini na mbili au tatu, peke yake, nywele zimemganda usoni, na koti la mvua jekundu limemfunika yeye na begi lake. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda hapo hapo. Tulizungumza Kiingereza, mimi changu cha kuungaunga, yeye chake cha shuleni. Nikampa supu. Odiel alimuuliza swali moja tu: kama anaogopa njiwa.

"Siogopi," akasema. "Kwetu wamejaa uwanjani. Watu wanawatupia mkate."

"Hao si njiwa," Odiel akaniambia kwa Kiflemi chetu. "Hao ni ombaomba. Mwambie."

Sikumwambia.

Njiwa wa Odiel wanaishi juu kabisa, chini ya paa, na chumba cha wageni kiko chini yao. Dirisha la chumba linatazama uani, na ubao wanapotua njiwa uko juu ya dirisha hilo, kama mita mbili hivi. Ngazi ya kupandia kwao inapita mbele ya mlango wa mgeni. Zamani Odiel alikuwa anaipanda akipiga mluzi. Siku hizi anapumzika mara mbili njiani, na akifika juu hukaa kwanza kwenye kigoda, mkono kifuani, akijifanya anawahesabu njiwa.

Ni vumbi lao. Daktari wa mapafu alimwambia mwezi wa nne achague, njiwa au pumzi, na Odiel akaomba amalizie msimu. Tukakubaliana kwamba mashindano ya Limoges, ya njiwa kurudi nyumbani kutoka Ufaransa, yatakuwa ya mwisho, kisha njiwa wote watauzwa. Katika maisha yake yote alikuwa amepata nafasi ya pili mkoani mara moja, ya nne mara moja, ya tisa sijui mara ngapi. Ya kwanza hakuwahi kuipata. Hakuwahi pia kusema kwamba anaitaka, lakini mimi ndiye ninayelala naye kitanda kimoja, najua anachoota.

Tegemeo lake mwaka huu lilikuwa Kibuluu, dume dogo lenye kifua kama ngumi. Madume hutengwa na majike yao wiki nzima. Siku ya kuondoka wanakutanishwa kidogo tu, halafu dume anatiwa kapuni na kupelekwa Ufaransa kwa lori. Akifunguliwa huko, hana habari ya kitu kingine ila kurudi kwa mkewe. Odiel anaita hiyo sayansi. Mimi naita ukatili, ila matokeo yake nimeyaona.

Na siku ya mashindano nyumba yetu ina sheria. Hakuna kuanika nguo, hakuna kufungua mwavuli uani, hakuna kupaka mlango rangi mpya. Njiwa aliyeruka kilomita mia sita akikuta kitu asichokijua karibu na mlango wake, haingii. Hukaa juu ya paa akikitazama. Na muda wake hauhesabiwi mpaka aingie, pete ya mguuni ipite juu ya kibao na mashine ilie. Odiel husema njiwa aliye juu ya paa bado yuko Ufaransa.

Jumamosi asubuhi jua lilitoka. Njiwa waliachiwa Limoges saa moja, tukasikia redioni. Maarja alikuwa jikoni anakula mkate na jibini, nami nikapanda kumbadilishia taulo. Koti lake lilikuwa sakafuni, juu ya mbao zangu, na maji yametanda chini yake mpaka kwenye mguu wa kitanda. Nilisema neno ambalo sitaliandika hapa. Nikafuta, nikakausha, nikafuta tena. Halafu nikafungua dirisha, nikalitoa koti nje, nikalibana kofia yake kwa dirisha lisianguke.

Sheria niliikumbuka. Nataka hilo lieleweke. Niliikumbuka vizuri kabisa, nikajiambia: nusu saa tu, njiwa hawafiki kabla ya saa nane.

Nikashuka. Maarja akapanda, akachukua begi lake dogo, akafunga mlango kwa ufunguo kama nilivyomfundisha jana yake, akaniambia atazunguka mjini na saa nane na nusu atapanda boti. Nikamwambia aketi upande wa kushoto, ndio wenye picha nzuri. Kisha nikaenda sokoni Zand kununua kuku wa Jumapili, nikakutana na watu, tukaongea. Nilisahau. Ningependa kuwa na sababu iliyo bora kuliko hiyo, lakini sina.

Saa nane mchana Odiel alikuwa ndani ya banda la njiwa, juu ya kigoda chake, amevaa barakoa niliyomlazimisha kuvaa. Pale anaona anga lote la kusini kupitia mbao za banda, ila haoni ukuta wa nyumba chini yake. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Saa nane na dakika thelathini na moja simu ikalia. Alikuwa Wilfried, jirani yetu wa nyuma, naye anafuga.

"Gilberte," akasema kwa sauti ya chini, "Kibuluu wenu yuko juu ya paa langu."

"Mungu wangu. Ameshafika?"

"Amefika, haingii. Nani kaanika bendera dirishani kwenu? Mmeingia chama gani?"

Nilitoka uani na kisu mkononi. Koti lilikuwa pale pale, limejaa upepo, linapanda na kushuka chini ya ubao wa njiwa, jekundu kuliko kitu chochote mtaani kwetu Sint-Anna. Upande wa pili wa ua, juu ya vigae vya Wilfried, Kibuluu alikuwa amenyoosha shingo analikodolea macho. Nikamsikia Odiel juu anatikisa mkebe wa nafaka na kuita kwa upole, "Njoo, njoo, njoo, baba, njoo." Alikuwa hajui kwa nini haji.

Nilipanda ngazi zote bila kupumzika. Nikajaribu mlango wa mgeni, umefungwa. Nikaenda juu.

"Kuna koti kwenye dirisha la mgeni," nikamnong'oneza.

Odiel alishusha mkebe polepole. "Litoe."

"Mlango umefungwa. Ufunguo anao yeye."

Alinitazama. Alikuwa anakumbuka ule ufunguo wa Lyon, nami nikaona anakumbuka.

"Tuuvunje," nikasema.

"Ukipiga teke moja tu hapo chini, hawa waliomo humu watatoka wote, na yeye hatarudi mpaka jioni."

Alijaribu kwa mpini wa ufagio, akiupenyeza kati ya mbao kulisukuma koti liangukie uani. Kibuluu alipoona mti unatoka kwenye nyumba yake akaruka, akazunguka mara moja, akatua mbali zaidi, kwenye ncha ya paa. Odiel akaurudisha mpini ndani kwa uangalifu, akaulaza chini.

"Nimepiga simu klabuni kwa wafugaji wenzangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha, na si kwa sababu ya mapafu. "Hakuna aliyepata njiwa bado, Gilberte. Mji mzima hakuna, pwani hakuna. Ni huyu tu."

Nilisimama pale na vumbi la njiwa puani.

"Msichana huyu na koti lake," Odiel akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Palikuwa na nafasi ya kutosha kwa maneno matatu: ni mimi nililitundika; na kinywa changu hakikosi maneno hata kanisani. Badala yake nikasema, "Najua alipo," nikashuka mbio.

Boti za watalii hupita chini ya Daraja la Sint-Anna, hufika mbele kidogo, kisha hugeuza. Kutoka kwetu ni dakika tatu kwa mtu mwenye nyonga nzima. Nilikwenda na ndala za nyumbani na aproni, nikafika, nikashika ukingo wa daraja kwa mikono miwili. Boti ya kwanza hakuwamo. Ya pili alikuwamo, upande wa kushoto, mahali nilipomwambia aketi.

"Maarja! Ufunguo!"

Akaniona. Uso wake ukachangamka, akanipungia mkono. Waliokuwa karibu naye nao wakapunga, na baada yao boti nzima, watu kama thelathini wakinipungia mikono kwa furaha. Nikafanya ishara ya kuzungusha ufunguo, na mzee mmoja mwenye kofia ya majani akaniiga. Nahodha akasema kwenye kipaza sauti, "Na hapo juu mnamwona mwenyeji halisi wa Brugge. Tafadhali msimpe chakula." Wakacheka wote, wakapita chini yangu.

Sikuwa na la kufanya ila kungoja wageuze. Sijawahi kungoja vile. Hata wakati wa kujifungua kulikuwa na kitu cha kusukuma. Nilitazama maji, nikatazama saa ya mnara, nikawafikiria wafugaji wote wa mkoa wameketi kwenye vigoda vyao na njiwa wao bado hewani, na wetu amefika, amechoka, ana kiu, anaiona nyumba yake.

Waliporudi nahodha alipunguza mwendo mwenyewe, kwa udadisi nadhani. Alikuwa kijana wa hapa, lafudhi yake ya mtaani kwetu kabisa.

"Mama, unauza nini?"

"Naomba umshushe yule msichana hapo kwenye ngazi. Ana ufunguo wangu."

"Siruhusiwi, mama. Nashusha gatini tu. Leseni yangu itakwenda."

"Basi aurushe."

Alimuuliza. Maarja akasimama, wote wakamwambia keti, akaketi. Begi lake alikuwa ameliacha gatini kwa mkata tiketi, na ufunguo ulikuwa ndani ya begi.

"Njiwa yuko juu ya paa," nikasema.

Nahodha akazima injini. "Wa Limoges?"

"Wa Limoges."

"Dakika ngapi?"

"Kumi na saba."

Akavua kofia. Watalii walitutazama mmoja baada ya mwingine, hawajui nani amekufa. "Mama, ningekuwa na uwezo," akasema. "Lakini humu mwendo una kikomo, na kuna boti mbili mbele yangu. Nitamweleza. Atakimbia."

Akawasha injini, wakaenda kwa mwendo ule ule wa bata. Maarja aligeuka nyuma akinitazama mpaka kwenye kona, na safari hii hakupunga.

Nilirudi nyumbani kwa mguu mmoja na nusu. Nilipoingia uani nikasikia mashine ya Wilfried ikilia upande wa pili wa ukuta, pii, na baada ya muda tena, pii. Siku nyingine Wilfried angeimba. Siku ile alisema tu, juu ya ukuta, bila kujitokeza, "Samahani, Odiel." Kutoka darini nikasikia mkebe wa nafaka ukitikiswa, na ile sauti, njoo, njoo, baba.

Maarja alifika saa tisa na dakika kumi, mwekundu usoni, anahema. Alifungua mlango. Odiel alikuwa ameshashuka anangoja pale kwenye ngazi. Alimsogeza kwa upole, akaingia, akalivuta koti ndani kidogo kidogo, kwa vidole, kama unavyomvua mtoto aliyelala. Tukasimama watatu, hakuna aliyepumua. Kibuluu akatembea juu ya vigae, akaruka ua, akatua kwenye ubao, akaingia kwa mkewe. Mashine ikalia. Alikuwa ametumia dakika arobaini na moja juu ya paa.

Tulishuka jikoni. Odiel alijitilia kahawa, akamtilia na Maarja, akamsogezea sukari. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Odiel akipaza sauti, na hilo ndilo gumu ukiishi naye, huna cha kujikinga nacho.

"Binti," akasema kwa Kiingereza chake cha maneno ishirini, "siku nyingine, njiwa wakirudi, koti si dirishani. Sawa?"

Maarja aliweka kikombe chini. Alilitazama koti, ambalo Odiel alikuwa amelikunja vizuri juu ya kiti, halafu akanitazama mimi. Alijua alikoliacha. Mtu hujua alikotupa kitu chake. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye meza nakata mkate ambao hakuna aliyeuomba, na nilijiona ninavyoukata, vipande vyembamba, vyote sawa.

"Ndiyo," akasema Maarja. "Ni mimi. Samahani sana. Sikujua."

Odiel akampigapiga begani. "Hukujua. Imekwisha." Akapanda kwenda kumpa Kibuluu maji.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Jioni nikampelekea taulo ambazo hakuzihitaji. Alikuwa ameketi sakafuni anapanga begi, kitanda ameshakitandika.

"Kwa nini ulisema vile?" nikamuuliza.

Alifikiri, akitafuta maneno, au akitafuta maneno ambayo mimi ningeyaelewa. "Mimi naondoka kesho," akasema. "Wewe unabaki naye."

Nikamwambia nitamweleza mwenyewe, usiku huu huu. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu anayekuahidi kukuandikia barua. Usiku Odiel alikohoa mpaka saa saba, kisha akalala ameushika mkono wangu, na ni nani anayemwamsha mtu kama huyo.

Jumapili asubuhi Odiel alisisitiza kumbebea Maarja begi mpaka kona ya barabara. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, mzee asiye na pumzi na begi la kilo kumi na tano, na msichana anatembea pembeni yake na mikono mitupu, hajui pa kuiweka. Kwenye kona walisimama muda. Odiel alikuwa anamwonyesha kitu angani, nadhani njia wanayojia njiwa kutoka kusini. Halafu akampa mkono. Maarja akanitazama kwa mbali, nami nikainua mkono wangu. Ningeweza kwenda. Ni hatua sitini, nimezifagia maisha yangu yote.

Kutoka pale Odiel alipitia klabuni, akarudi saa sita. Nilipika kuku, chipsi na rojo la matufaha kama kila Jumapili. Akala vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Wa mia moja na kumi na nne mkoani," akasema. "Angeingia papo hapo, angekuwa wa kwanza kwa dakika sita. Wamepiga hesabu wote, hakuna aliyebisha."

"Wamesema nini?"

"Walitaka kumcheka yule msichana. Nikawakataza." Alichovya chipsi kwenye rojo. "Amesema mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili. Mgeni, mtoto mdogo, angeweza kusema ni upepo. Nimewaambia, mtu wa namna hiyo mimi nampa banda langu zima."

Nikaweka uma chini. Nilifungua kinywa, naapa nilikifungua.

"Halafu nikawaza njiani," akasema Odiel, na macho yake hayakunitazama, yalikuwa kwenye sahani, kwa sababu hajazoea kusema mambo haya. "Miaka arobaini na minne. Kila mashindano. Hukuanika hata kitambaa cha vyombo, Gilberte, na wala sikuwahi kukushukuru. Sasa imekwisha na sijawahi kukushukuru. Basi, asante."

Alinyoosha mkono juu ya meza, akaweka kiganja chake juu ya changu. Kilikuwa na joto, na kilitulia pale, kikingoja.

"Si kitu," nikasema. "Kula, kinapoa."